Kila spea "ipo, njoo", na Land Rover ya mzee bado iko juu ya mawe

Salaam wenzangu. Naandika nikiwa na hasira, anayetafuta maneno matamu apite uzi mwingine.

Leo Jumamosi nimetoka Mtwapa saa moja asubuhi na hafu shafti iliyokatika, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, nimeifunga ndani ya gunia kama samaki nguru. Matatu mpaka kisiwani Mombasa, tuktuk mpaka duka moja upande wa Shimanzi. Jana nilikuwa nimewapigia simu mara tatu. Mara ya kwanza nikauliza: mna hafu shafti ya nyuma, ya kushoto, Land Rover 109 Series IIA, yenye meno 10? "Ipo, njoo." Nikapiga tena: umeiona kwa macho yako? "Ipo mkubwa, wewe njoo tu." Mara ya tatu nikamwomba picha. Akasema kamera ya simu yake imekufa, lakini shafti iko hapo mbele yake, anaishika.

Nimefika, hakuna aliyeshika kitu. Kijana kanikalisha kwenye kiti cha plastiki, kamtuma mwenzake na pikipiki "godauni", nami nimekaa karibu saa nzima natazama kalenda ya 2019. Shafti ilipokuja ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, mpaka sasa iko kwenye kucha zangu. Nikafungua gunia, nikazilaza mbili sambamba juu ya kaunta. Yao fupi. Difu ya gari hili, lile bonge la gia kwenye ekseli, haikukaa katikati, imesogea kulia, ndiyo maana shafti ya kulia ni fupi na ya kushoto ni ndefu. Si siri hiyo, ukiinama tu chini ya gari waiona. Nikageuza ncha, nikahesabu meno kwa ukucha, polepole, naye ananitazama. Yalipopita 10 akaanza kuangalia barabarani. Yalifika 24.

"Mkubwa, Land Rover ni Land Rover. Fundi ataisawazisha."

Ataisawazisha vipi, yakhe? Meno 24 yaingie kwenye tundu la meno 10? Hata ukiisomea Yasini haiingii. Akanipunguzia bei. Kutoka elfu tisa mpaka elfu saba, kama kwamba nilichokataa ni bei.

Wale ambao hamjui ninazungumzia gari gani: ni pikapu ya 1964. Series IIA ilitengenezwa kati ya 1961 na 1971, na hii yetu ni ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya cc 2,286. Land Rover yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya shamba. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba lake kisiwani Anglesey, akatengeneza gari la kazi, likaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi ikawa ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Mzee wangu aliinunua kwa mkono wa tatu, ikapiga kazi shambani kwetu upande wa Kilifi, nazi na maembe mpaka soko la Kongowea, na misimu ya mvua ilikuwa inabeba hata wagonjwa.

Siku ilipokatika shafti nilikuwemo, nakumbuka ule mlio, kama mtu amevunja muwa mkavu. Mzee hakuita mtu. Alifungua flanji ya nyuma, akavuta kipande kilichokatika bila hata kutoa gurudumu, akakibonyeza chini kile kirungu cha manjano, magurudumu ya mbele yakavuta, tukafika Kongowea na mzigo. Jioni akairudisha nyumbani vivyo hivyo. Akaiegesha chini ya mwembe akisema wiki ijayo atanunua nyingine. Wiki hiyo imekuwa miaka 12. Mbuzi wamezalia humo ndani.

Sasa mzee ana miaka 81 na kila Ijumaa akitoka msikitini ananiuliza, "Gari limefikia wapi?" Nishachoka kumwambia spea inakuja.

Shafti ni jeraha la leo. Mwezi wa pili ilikuwa kabureta. Gari hizi zilianza na Solex, baadaye zikaja Zenith, na mtu wa kwanza aliyekuwa na gari kabla ya mzee alishafunga Zenith. Nikatafuta, nikapata muuzaji wa Kirinyaga Road kule Nairobi. Boksi zuri, plastiki imefungwa vizuri, elfu kumi na nne nikatuma kwa M-Pesa, mzigo ukaja na basi la usiku. Fundi akafunga, tukawasha, ikanguruma, nikataka kulia. Dakika ya tano petroli ikaanza kuchuruzika kati ya vipande viwili vya kabureta, inadondokea kwenye ekzosi ya moto. Tulizima kwa mbio, fundi ameshika ndoo ya mchanga mkononi. Nilipoifungua na kulaza rula juu ya uso wake, mwanga ulipita chini ya rula kama chini ya mlango. Uso haukunyooka. Ile ilikuwa nakala ya mtu aliyewahi kusikia habari za kabureta. Kumpigia muuzaji: "Hiyo ni orijino, shida ni fundi wako." Kumpigia tena: nambari haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Sikatai, nakala ziko duniani kote, na nyingine ni nzuri, hata mimi nimefunga. Niambie ni nakala, niuzie kwa bei ya nakala, nitajua nafanyaje. Nitaisugua kwenye kioo na msasa mpaka inyooke. Lakini ukinichaji bei ya orijino halafu ukanitukania fundi, hiyo si biashara tena.

Kuhusu fundi wa umeme nitasema kidogo tu kwa sababu presha inapanda. Magari haya ya mapema waya wa chanya ndio unaoenda kwenye bodi, si hasi kama magari yenu ya siku hizi. Nilimwambia. Nikamwandikia kwenye karatasi. Nikaibandika karatasi kwenye betri. Akatoa dainamo ya zamani, akafunga altaneta inayotaka hasi kwenye bodi, hakubadili kitu kingine. Moshi. Akasema altaneta ilikuwa mbovu kutoka dukani, na anataka pesa ya kazi yake. Dainamo ya zamani ikawa imeshauzwa, na nani, hajui.

Na nati! Gari hili lina nati za kipimo cha inchi, tena si za aina moja, kuna za Kiingereza cha kale na kuna za baadaye, zimechanganyika. Anakuja kijana na seti ya spana za milimita, anapata inayokaribiakaribia, anavuta kwa nguvu za ujana, nati inakuwa duara kama gololi. Halafu anachukua patasi. Nimehesabu nati 17 zilizokatwa kwa patasi kwenye gari la mzee wangu. Kumi na saba.

Najua mtasema si nitafute gari bovu la namna hiyo nichinje. Nimetafuta. Mwezi wa nne nikaambiwa kuna 109 mbili nyuma ya gereji moja njia ya Mariakani. "Zipo, njoo." Neno lile lile! Nikaenda. Nilichokuta ni doa jeusi la oili ardhini na mlango mmoja. Zimekatwa kwa gesi wiki iliyotangulia, chuma kimepimwa kwa kilo, alumini kwa kilo, kwisha. Niliokota chini kipande cha breki, kiko kwenye dirisha langu sasa. Mnakumbuka Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme? Mimi siku zile sikujali. Leo natamani ile marufuku ingekaa, angalau kwa magari kama la mzee wangu. Wenye gereji walizikata kwa bei ambayo mimi ningewapa kwa difu moja peke yake. Na kuleta gari zima kutoka nje ili ulichinje sahau, sheria ya kuingiza magari yaliyotumika inaishia miaka 8, letu lina zaidi ya sitini.

Basi agiza Uingereza, mtaniambia. Kule spea hizi zipo kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Unampa muuzaji nambari ya chesisi, anakuambia gari lako lina ekseli gani, klachi ya inchi 9 au 9 na nusu, breki za nyuma drumu ya inchi 11. Hakuona gari, yuko maelfu ya kilomita, na anajua. Niliagiza silinda za breki za mbele, nne, kwa sababu 109 ina mbili kila gurudumu (hapa kwetu nilikuwa nauziwa mbili naambiwa "zimetimia"). Silinda zilikuwa za bei ya kawaida. Kisha ikaja posta, ukaja ushuru wa forodha, VAT 16%, ada ya kutangaza mzigo, tozo ya reli, halafu wakala wa kuutoa mzigo akaniandikia mstari mmoja kwenye ankara, "ushughulikiaji", ambao ulizidi bei ya silinda zote nne. Nikamuuliza ameshughulikia nini, kiboksi chenyewe kinaingia kwenye mfuko wa kanzu. Akanijibu, "Ami, hiyo ndiyo Mombasa." Eti bandari iko hapa hapa, Kilindini naiona nikivuka, na spea ya mtu wa Mombasa ndiyo inayokaa wiki tatu.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kuna mzee mmoja Majengo, simtaji, mashine yake ya kuchonga vyuma ni ya zamani kuliko mimi. Nilimpelekea bushi za springi. Shikamoo, marahaba, hakusema ipo wala haipo. Alisema, "Mwanangu, niletee ile iliyolika, na niletee pini yake." Akapima pini, akapima tundu, akatema mate pembeni, akanitajia siku. Siku hiyo nikazikuta zimefungwa ndani ya gazeti, zinaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, hazichezi. Hela kidogo. Nilimuuliza kama anaweza kunichongea hafu shafti. Akakataa. Akaniambia kuchonga anaweza, lakini kuutia moto ule chuma ukakomaa ndani na kubaki laini kiasi, hana tanuri la hivyo, itakatika siku ya kwanza na mzigo. Mnaona? Mtu mwenye uwezo ndiye aliyeniambia hawezi. Wenye kaunta na kalenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hana.

Na wewe unayetaka kuandika hapo chini "weka injini ya Toyota" au "uza hilo ununue Probox", nishakusikia, mko wengi, wapo hata ndani ya familia. Probox ninayo. Naenda nayo kazini. Shida yangu si usafiri. Na injini ya Toyota haitatibu shafti, itaikata haraka zaidi.

Chesisi nayo ina hadithi yake, nitaileta siku nyingine na picha. Kwa ufupi, hewa yetu ya chumvi imeila kutoka ndani kwenda nje. Ukigonga kwa nyundo sehemu ya mbele inalia kama kengele, ukifika boriti ya nyuma inasema "bup", kama kugonga papai. Na kila mahali alumini ilipokutana na chuma pamejaa unga mweupe. Hilo silaumu mtu, hilo ni bahari.

Sasa sikilizeni ninachotaka, maana sikuja kulia tu.

Nataka hafu shafti ya nyuma ya kushoto, ndefu, meno 10. Dainamo ya Lucas ya zamani, hata iliyoungua, nitaisuka upya. Kabureta ya Zenith iliyotumika, uso ukiwa umenyooka sijali uchafu. Mlango wa kulia, maana ule niliokuta Mariakani ni wa kushoto na ninao. Kama iko Voi, Malindi, Lunga Lunga, hata Tanga, nitakuja mwenyewe na nauli yangu.

Lakini usiniandikie "ipo". Ukiandika "ipo" bila picha nitakujibu vibaya na wasimamizi watanifungia, wacha wanifungie. Piga picha kitu chenyewe, si picha ya mtandaoni. Kama ni shafti, ilaze chini na futi kandoni, halafu piga ncha yake kwa karibu, nihesabu meno mwenyewe.