Hela inaingia kila jioni, familia watu sita: mnaanzaje kununua chakula cha jumla?

Mama Cherehani, Moshono (Arusha)

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo, hasa kwa akina mama wa Arusha na Moshi.

Tuko sita ndani: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Machame. Baba watoto anaendesha bodaboda ya mtu. Akishatoa hesabu ya bosi, kinachobaki ndicho tunachokula: siku nzuri elfu kumi na tano, siku ngumu elfu saba. Mimi nashona, lakini hela ya cherehani ina kazi yake, kodi na mahitaji ya shule.

Kwa hiyo chakula chetu ni cha siku. Ikifika saa kumi na moja namtuma mtoto duka la Mangi: unga kilo moja na nusu, sukari robo, mafuta ya kupima, nyanya fungu, mkaa wa sado. Kesho yake hivyo hivyo. Juzi nilikaa na daftari nikajumlisha mafuta peke yake. Kwa hela niliyotoa mwezi mzima kwa vile vipimo vidogo ningenunua dumu la lita tano na chenji ikabaki. Iliniuma sana.

Kila ninayemuuliza ananijibu "nunua jumla". Sawa, ila mwenye hela ya siku anaanzia wapi? Kukopa sitaki, na sahani ya watoto siigusi. Halafu mama bila ndizi anaona hajala, na ndizi za hapa mjini mnajua bei yake.

Mama Kiboriloni (Moshi)

Pole mdogo wangu. Hayo maisha nayajua, nimeyaishi na wanangu wakiwa wadogo.

Usianze na gunia, utachoka kabla hujafika. Anza na hayo mafuta, maana hayaozi na dumu lake si hela ya kutisha. Ile siku ya elfu kumi na tano toa elfu moja, siku ya elfu saba usitoe kitu. Iweke mbali na mkono wako, kwenye kibubu au kwenye simu. Dumu likishaingia ndani, ile hela uliyokuwa ukimpa Mangi kila jioni iendelee kutoka vile vile, ila sasa iingie kibubuni. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: dumu linaingia, hela ya kupima inaishia kwenye soda. Ikae kwa ajili ya maharage, na maharage yazae mahindi.

Maharage yatafute Juni na Julai yakitoka shambani. Mahindi subiri Julai hadi Agosti, masika ikishavunwa, soko linajaa na bei inalegea. Ukisubiri mpaka Februari utanunua mahindi yale yale kwa bei ya kukutoa machozi.

Sasa sikiliza hili la mahindi, naliweka kwa nguvu kwa sababu ni afya ya watoto. Usiingize ndani mahindi ambayo hayajakauka. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi hivi, weka na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani kwenye turubai. Mahindi mabichi yakifungiwa yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Hiyo sumu haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga.

Yakishakauka weka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Funga kila tabaka peke yake, kaza. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanakosa hewa wanakufa humo humo, huhitaji dawa. Ila usiwe unafungua kila siku kuchota. Toa debe moja, funga, lile debe ndilo ule.

Na msage dona. Ukikoboa, sehemu nzuri ya uzito uliolipia inabaki mashineni kama pumba. Ila dona haikai muda mrefu, kile kiini kina mafuta na unga unachacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo.

Baba Wawili, Sakina

Mama Kiboriloni kaeleza vizuri, mimi naongeza majirani. Hapa kwetu tuko nyumba nne. Jumamosi mmoja anakwenda Tengeru kwa niaba ya wote (Jumatano pia ni siku ya soko), nauli tunachangia. Anarudi na nyanya, vitunguu, karoti na kabichi, tunagawana hapo uani. Mkienda kila mtu kivyake, nauli inakula faida yote.

Tugawane kwa mizani lakini, si kwa macho. Hata gunia la mchele mnaweza kulichanga hivyo. Na ukinunua mahindi kwa debe angalia debe lenyewe, mengine yamebonyezwa kitako. Mwambie muuzaji akupimie kwa kilo.

Bibi wa Rau

Mwanangu wa Moshono, umetaja mkaa halafu watu wote wameupita. Chakula kinakula mkaa kabla watu hawajakila. Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, tia mengine. Makande ndiyo usiseme, bila kulowekwa utakesha nayo jikoni.

La pili. Umesema mama mkwe katoka Machame. Kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, kiko wapi? Nani anakata zile ndizi?

Mama Cherehani, Moshono (Arusha)

Shikamoo bibi. Nashukuruni wote, nimeanza na la mafuta, jana nimetenga elfu ya kwanza.

Kihamba kipo bibi, shemeji yangu ndiye anakitunza. Ndizi anauza kwa wachuuzi wanaopita huko huko. Sijawahi kumwomba, nimekuwa nikiona aibu, wasije kusema nimemchukua mama yao kwa sababu ya shamba.

Bibi wa Rau

Marahaba. Usiombe wewe, aombe mama. Kile ni kihamba chake, amelima pale toka ameolewa, na kijana wake hawezi kumnyima mkungu. Apige simu mwenyewe aseme anataka ndizi mshare za kupika mtori. Wauweke kwenye gari la Arusha, nyie mlipie mzigo tu. Na nyie msikae mikono mitupu: wewe ni fundi, washonee watoto wa shemeji yako sare za shule. Hapo hakuna atakayesema umefuata shamba.

Mama Cherehani, Moshono (Arusha)

Bibi umenifungua macho, mama amesikia nikimsomea amecheka, anasema atapiga leo. Swali la mwisho: kuna jirani anapika maharage kwa kuyafunika kwenye kapu ili abane mkaa. Yanaiva kweli?

Bibi wa Rau

Yanaiva. Chukua kapu kubwa, ndani jaza vitambaa (vipande vyako vya cherehani vinatosha), ubakishe nafasi ya sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwanza jikoni yatokote hasa kwa dakika ishirini, usipunguze, maana maharage mabichi yanaumiza tumbo. Sufuria iwe imejaa na mfuniko ubane. Toa ikiwa inatokota hivyo hivyo, tumbukiza kapuni, funika juu na mto wa vitambaa, usichungulie. Baada ya saa tatu nne bonyeza punje moja. Ikiwa bado ngumu irudishe jikoni itokote tena, kisha kapuni. Kitunguu na nyanya unaunga mwishoni, chumvi pia.

Mkaa uliobaki jikoni bandika maji ya kuoga ya watoto.