Nimedai fedha zangu, nikapimwa homa mbele ya wateja

Mwokaji wa Alfajiri: Wanajamvi, nimetoka dukani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Yule muuzaji wa vipimo mnamfahamu nyote, yule mwenye miwani juu ya kichwa na majibu kabla ya maswali, hivyo sina haja ya kumtaja. Nilimweleza waziwazi kwamba nahitaji kipimajoto cha infraredi kwa ajili ya tanuri langu la mikate, ambalo hufika nyuzi 220, naye akaapa kuwa kile cheupe alichokishika kinapima kila chenye joto chini ya jua. Nimekielekeza tanurini, kikaandika "Hi". Nimekielekeza kwenye donge la unga lililotoka kwenye friji, kikaandika "Lo". Nimelipia kipimo chenye msamiati wa maneno mawili!

Hayo ningeyasamehe. Nilipokirudisha, mbele ya foleni ya wateja wanaoweza kujaza mabasi mawili ya mwendokasi, alikipokea kwa upole, akanielekezea pajini, kikalia "pii", kisha akatangaza: "Nyuzi 36.4. Kipimo ni kizima, mgonjwa ni tanuri lako." Duka zima likaangua kicheko. Pajini, wanajamvi! Mtu mzima, mwenye unga hadi kwenye nyusi, napimwa homa kama mtoto wa kliniki!

Fundi Mitambo: Pole, mkuu, ila muuzaji hakukosea kusema kwamba ni kizima. Tazama ubavuni mwa boksi: vingi vya aina hiyo huandikwa 32.0 hadi 42.9, kwa kuwa vimerekebishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu tu, na hata namba ya paji la uso huongezwa kidogo ili ikaribiane na joto la ndani ya mwili. Nje ya mipaka hiyo hakikisii, kinakuandikia "Hi" au "Lo". Wewe ulihitaji cha viwandani, kile cha kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri hadi 380 au 550.

Mwokaji wa Alfajiri: Sikuomba darasa, nimeomba fedha zangu. Boksi lilikuwa limefunikwa na stika ya bei. Halafu pajini!

Bibi Vitumbua: Kwani hiyo 36.4 ilikuwa sahihi? Ikiwa ilikuwa sahihi, mleta uzi ashukuru, kwa maana wengine tunalipia kupimwa.

Msubu Sufuria: Huyo huyo aliniuzia mimi hicho cha viwandani mnachokisifia. Kinaishia nyuzi 380, ilhali alumini huyeyuka kwenye 660, kwa hiyo kila nikikielekeza kwenye chungu cha kuyeyushia kinanyamaza na vistari vyake. Mwenzangu amechekwa bure, mimi nimechekwa kwa bei mara tatu ya yake.

Fundi Mitambo: Na hata kingefika 1,000, alumini iliyoyeyuka inang'aa. Kitu kinachong'aa hutoa mionzi yake kidogo na kuakisi ya jirani, hivyo kipimo kilichopangiwa 0.95, yaani kinachodhani kitu hutoa asilimia 95 ya mionzi ya joto inayowezekana, kitakudanganya kwa kusoma chini mno. Hapo tumia waya wa kupimia unaozamishwa.

Mlinzi Mstaafu: Afadhali ninyi. Wakati wa Uviko tulikabidhiwa hivyo vya paji la uso tukasimama navyo juani mlangoni, ilhali vingi vimeandikwa vitumike penye nyuzi 10 hadi 40. Mchana vikishachemka mkononi, kila mzee aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi alisoma "Lo", nasi tukimkaribisha ndani kwa heshima zote.

Mwokaji wa Alfajiri: Tafadhali turudi kwenye mada. Alinipima PAJINI.

Kaka Friji: Mada yenyewe ni nukta nyekundu ya leza ya vile vya viwandani. Wateja wangu hudhani joto linapimwa pale inapogusa, kumbe kipimo cha uwiano wa 12 kwa 1, yaani umbali kwa upana wa eneo kinalolipima, ukisimama mita moja na robo, kinachanganya eneo lenye upana wa zaidi ya sentimita 10. Ukilenga bomba jembamba, umepima ukuta.

Msubu Sufuria: Nikipaka masizi kwenye kibao cha alumini kabla ya kupima, hakitasoma sawasawa?

Kaka Friji: Masizi yanafaa, ingawa mimi hubandika utepe mweusi wa umeme.

Msubu Sufuria: Utepe wa plastiki kwenye karakana ya kuyeyushia, kaka? Umewahi kuiona karakana?

Bibi Vitumbua: Mimi nauliza bei ya hicho cha 550.

Kaka Friji: Ninavyosikia, anacho yule yule. Nenda umevaa kofia.