YAH: Samaki wa kushika mkononi kwa mtoto anayeanza kula

Kutoka: Mama Kifungua Mimba, Leicester

Habari za jioni wanajumuiya. Binti yangu ametimiza miezi sita, anakaa vizuri kwenye kiti chake, na kila tukila anaifuata sahani kwa macho na mikono. Uji wa ulezi anakula, parachichi anakula. Sasa nataka nimwanzishe samaki, tena wa kushika mwenyewe, maana kijiko hataki kulishwa, anakipokonya. Mama mkwe yuko hapa kutoka Tanga, anasema samaki ni mpaka mtoto aote meno. Nesi wa kliniki kasema nianze sasa. Ninyi mnafanyaje huko mliko? Miiba mnaitoaje? Na huyu papa mkavu aliyekuja naye mama, nikimchemsha vizuri atafaa?

Kutoka: Mama Pacha, Minneapolis

Hongera dada. Nianze na papa: mtoto usimpe. Kwanza ni chumvi. Huko kwenu wanashauri mtoto wa chini ya mwaka asifikishe hata gramu 1 ya chumvi kwa siku nzima, na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi kama huyo, hata ukimloweka usiku kucha chumvi imo tu ndani ya nyama. Pili ni zebaki. Papa anaishi miaka mingi akila samaki wengine, na zebaki iliyokuwa ndani yao inajikusanya mwilini mwake. NHS, huduma ya afya ya huko Uingereza, wameandika wazi kwamba watoto wasile papa, samaki upanga wala nduaro. Wewe unayenyonyesha unaweza kumla, lakini usizidishe mlo mmoja kwa wiki.

Suala la meno lisikutie shaka. Fizi za mtoto zina nguvu, na samaki aliyeiva vizuri anapondeka kwa ulimi. Cha kuangalia ni kama anakaa, shingo imekaza, anaweza kupeleka kitu mdomoni mwenyewe, na chakula anakimeza badala ya kukisukuma nje kwa ulimi. Kwa ulivyoeleza, yuko tayari.

Mimi nilianzia kwenye katlesi zetu za samaki, na mpaka leo naona hakuna chakula cha kushika kinachozishinda. Chukua gramu 200 hivi za minofu ya samaki mweupe, cod au haddock huko kwenu, na viazi viwili vya wastani. Viazi vichemshe mpaka viive kabisa, mwaga maji, virudishe sufuriani kwenye moto mdogo vikauke unyevu, ndipo uviponde. Ukiruka hapo katlesi zitalegea na mtoto atabaki na rojo mkononi. Samaki mpike kwa mvuke mpaka nyama iwe nyeupe mpaka ndani na iachane yenyewe ukiigusa kwa uma.

Sasa miiba. Usitegemee macho. Osha mikono, tandaza samaki kwenye sahani pana, mchambue kipande kwa kipande huku ukimsugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwiba mwembamba unaoponyoka machoni, kidole kinaushika. Hata kama pakiti imeandikwa hana miiba, fanya hivyo hivyo.

Changanya na viazi, tui zito vijiko viwili, kotmiri iliyokatwa ndogo sana, bizari ya manjano kidogo, na kitunguu ulichokikaanga mpaka kikalainika. Chumvi usitie, pilipili usitie, na vile vidonge vya supu usiviguse, ni chumvi tupu. Viringisha ziwe na urefu na unene wa kidole chako. Mtoto wa miezi sita anashika kwa kiganja kizima, kwa hiyo lazima kipande kichomoze nje ya ngumi yake, vinginevyo hakifikii. Kudonoa vipande vidogo kwa vidole viwili kunakuja baadaye, karibu na miezi tisa. Zioke kwenye oveni nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20, ukizigeuza mara moja, au zipitishe kwenye kikaango na mafuta kidogo. Nje zishikane, ndani ziwe laini kiasi kwamba ukibonyeza kwa vidole viwili zinapondeka. Usizikaushe zikawa na ganda gumu.

Yai la kuchovya na chenga za mkate tia tu ikiwa yai na ngano ameshavila bila shida. Samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio, kwa hiyo siku ya kwanza mpe samaki mtupu, kipande kidogo, asubuhi au mchana, usimchanganyie kitu kingine kipya. Angalia vipele, midomo au macho kuvimba, kutapika. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, pitisha mkono usikie vinundu. Akihema kwa shida au akalegea, piga 999, namba ya dharura ya huko kwenu, hapo hapo. Kuna watoto wengine samaki anawatapisha vibaya baada ya saa moja hadi nne, wanapauka na kulegea. Hao nao wapelekwe hospitali. Na kama ana pumu kali ya ngozi au mzio wa chakula kingine, zungumza na daktari kabla.

Kutoka: Baba wa Bergen

Mama Pacha kamaliza, niongeze mawili. Huku samaki ni wengi, na jioni ambazo sina muda ninachukua minofu ya samoni, naipika kwa mvuke na kuikata vipande virefu, namaliza. Ni mafuta, kwa hiyo inateleza. Ipakae ufuta uliosagwa au nazi kavu iliyosagwa laini, ataishika vizuri (ufuta nao una mzio, uanze peke yake kwanza). Vibanzi vya samaki na maandazi ya samaki ya dukani msizoee, soma chumvi nyuma ya pakiti.

La pili ni kupaliwa. Mtoto akikohoa, akitoa machozi na kujisukuma chakula nje kwa sauti, huyo anajifunza, mwache na umtazame. Anayenyamaza kimya, hawezi kulia wala kukohoa, ndiye amekabwa. Huyo mlaze kifudifudi kwenye mapaja, kichwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha mkono. Kama hakijatoka, mgeuze umsukume kifuani mara 5, na mtu apige simu ya dharura. Hili halitoshi kulisoma kwenye barua pepe. Nendeni mafunzoni, wewe na mumeo na mama mkwe pia. Na mtoto asile akiwa amelala au kwenye kiti cha gari.

Kutoka: Mama wa Muscat

Asalaam aleykum. Kwa walioko Ghuba: nguru ndiye samaki wa kila nyumba hapa, lakini kwa mtoto mdogo mimi simpiki. Kule Marekani, ndugu yake anayeitwa king mackerel yumo kwenye orodha ya samaki ambao watoto wanaambiwa wasile, kwa ajili ya zebaki hiyo hiyo. Wanangu nawapa vibua na changu. Sadini za kopo pia ni nzuri, za maji na zisizo na chumvi, uziponde kwenye kiazi kitamu.

Kamba ni habari nyingine. Mzio wa kamba na mzio wa samaki ni vitu viwili, mtoto anaweza kukubali kimoja akakataa kingine, basi mpe samaki kwanza, siku kadhaa zipite, ndipo kamba. Na usimpe kamba mzima hata awe mdogo namna gani. Ni wa mviringo, anateleza na kutafunika kama mpira, anaziba koo. Mpike mpaka abadilike rangi kote, mtoe ganda na ule mstari mweusi wa mgongoni, msage kabisa, mchanganye na muhogo au kiazi, halafu utengeneze katlesi. Pweza na ngisi wasubiri. Chaza wa mbichi hapana kabisa.

Kutoka: Bibi wa Toronto

Wajukuu zangu, hamjambo. Mwanangu wa Leicester, huyo mama mkwe usimwache pembeni na karatasi za kliniki. Mama wa Tanga amechambua samaki tangu msichana, vidole vyake vinaujua mwiba kuliko vya sisi sote. Mwombe hiyo kazi ya kuchambua, umwambie unamwamini yeye. Akishamlainisha samaki kwa mkono wake mwenyewe ataona hakuna la kutafunwa hapo.

Na msipike vyungu viwili. Mnapopika samaki wa kupaka, bandika tui na bizari na nyanya, samaki akishaiva toa fungu la mtoto, halafu ndipo mtie chumvi, pilipili na ndimu yenu. Mtoto ajue ladha ya nyumbani kwao. Chovyeni na kipande cha ndizi ya kuchemsha kwenye lile tui, ashike mwenyewe anyonye.

Kutoka: Mama Kifungua Mimba, Leicester

Shikamoo Bibi. Asanteni sana nyote, nimemsomea mama ujumbe wako na tayari ameuliza haddock anauzwa wapi. Papa tutamla wakubwa. Maswali mawili ya mwisho: katlesi zinakaa friza? Na tui la kopo nichukue lipi?

Kutoka: Mama Pacha, Minneapolis

Zinakaa. Zikipoa zipange kwenye trei zisigusane, zikiganda ndipo uzitie kwenye mfuko wa friza na kuandika tarehe. Pasha moto mara moja tu mpaka katikati ifuke mvuke, uziache zipoe, na mabaki aliyoyashika mtupe. Tui chukua lililoandikwa nazi na maji, lisilo na sukari wala chumvi, tikisa kopo kabla ya kufungua.