Viti vya pweza vya miiba vimejaa mwambani: wavuvi tuvitoe vipi?

Mshipi_Wesha

Asalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Huku magharibi ya Pemba, kwenye mwamba tunaotupia mishipi ya changu na chewa, viti vya pweza vikubwa vyenye miiba, wale wanyama wa umbo la nyota wanaokula matumbawe, vimezidi. Matumbawe ya matawi yana mabaka meupe kila upande. Kikundi chetu kina wavuvi wa mshipi na wachokoaji wa pweza, vyombo viwili, miwani ipo, mitungi ya hewa hatuna. Baadhi ya vijana wakivikuta huvikata kwa panga na kuvirudisha majini. Wanaojua watueleze: zana gani, wakati gani, na ruhusa tuombe kwa nani?

Bamvua_Mkoani

Waalaykum salaam. Panga liacheni leo hii. Kipande kilichobaki na sehemu ya kati kinaweza kuota mikono tena, na kikiumizwa majini wakati wa kuzaa kinaweza kumwaga mayai papo hapo. Jike mkubwa hutoa mamilioni ya mayai kwa msimu mmoja.

Kabla ya kutoa chochote, hakikisheni mwenye kula ndiye huyo. Baka lake ni mfupa mtupu, ukingo umekatika waziwazi, upana kama sahani, na mara nyingi mabaka yanafuatana: jipya jeupe kabisa, la zamani limeshaota ukijani. Tumbawe lililopauka kwa joto la maji bado lina nyama yake, ukilitazama kwa karibu unaiona kama kioo. Kwa hilo la pili hakuna cha kutoa.

Kisha hesabuni. Tandazeni kamba ya mita 50, waogeleaji wawili, kila mmoja anatazama mita 2.5 za upande wake. Kamba nne ni mita za mraba 1,000. Kwenye miamba ya Australia, 15 kwa hekta (mita za mraba 10,000) huhesabiwa kuwa mlipuko. Kwa hiyo mkipata wawili au zaidi kwa kamba nne, kazi ipo. Na mchana hujificha, hesabu yenu itakuwa pungufu daima. Chunguzeni chini ya matumbawe ya meza karibu na baka bichi.

Jambo moja nalisisitiza: huyu si mgeni kama samaki wa kupandikizwa ziwani. Ni wa bahari hii hii, na akiwa mmojammoja hana madhara, maana hupunguza matumbawe yanayokua haraka na kuyapa nafasi yanayokua polepole. Mnatoa wingi, hammalizi kizazi.

Nondo80

Zana haina gharama. Chukueni nondo ya milimita 8, urefu sentimita 80, kunjeni ncha sentimita 5 iwe kulabu butu. Tenga la plastiki lifungeni juu ya mpira wa ndani wa tairi, lielee. Mmoja anazama, wa pili anashika tenga na kumwangalia mwenzake kila pumzi. Msitie kwenye kiroba wala wavu: miiba inapenya na kumchoma abebaye pajani.

Kulabu inapita chini ya ukingo wa mwili, kisha unambandua polepole, mkono kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anashika kwa mamia ya miguu midogo ya kunyonya, na ukimvuta kwa nguvu unavunja matawi yale yale unayotaka kuyaokoa. Akiwa amejibana ndani kabisa, mwacheni. Jioni hutoka mwenyewe kula. Na msisimame juu ya matumbawe kupumzika, shikeni mpira.

Mkifika pwani, chimbeni shimo la kina cha mita moja, mahali palipo juu ya alama ya maji ya bamvua (maji makubwa kabisa), mbali na visima, muwazike siku hiyo hiyo. Wanaoza upesi na harufu yake ni kali.

Mshipi_Wesha

Ahsanteni sana. Nimesikia pia habari ya kuwapiga sindano ya siki. Ni kweli, au tutaua na samaki?

Siki_na_Chumvi

Ni kweli. Siki nyeupe ya dukani, isiyopungua asilimia 4 ya asidi. Kila mmoja anapata mililita 20: sindano mbili za mililita 10, pande mbili zinazotazamana, pale mkono unapoungana na mwili wa kati. Dumu la lita 5 linatosha 250. Bomba la sindano la mifugo linafaa, lakini chukueni sindano ndefu, fupi haivuki miiba. Ingizeni kwa kulaza, mkisimamisha sana inatokea upande wa pili na siki yote inamwagika baharini. Ndani ya siku mbili huwa ameoza; rudini mkahakikishe.

Kwa wazamiaji wa pumzi, kutoa kwa kulabu ni haraka zaidi kwenye maji ya mita 3 au 4. Siki itumieni kwa wale waliojibana. Mrututu, Jiki, mafuta ya taa, hivyo msivikaribishe hata chomboni, vinaua kila kilicho jirani.

Mama_Huduma_Chakechake

Naomba msipuuze sumu. Glovu haizuii, mwiba wa sentimita 4 unapita. Bebeni maji ya moto kwenye chupa ya chai. Mtu akichomwa: toeni kwa kibano miiba inayoonekana, kisha sehemu hiyo izame kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Joto lipimwe kwa mkono usiojeruhiwa, maana uliochomwa haupambanui na mtu anaungua. Mkojo hausaidii. Kutapika kusikoisha, uvimbe wa uso, pumzi kubana au mwiba uliovunjikia kwenye kiungo: hospitali moja kwa moja, na chanjo ya pepopunda iulizwe.

Bamvua_Mkoani

Ruhusa: anzeni na sheha na Kamati ya Wavuvi ya shehia yenu, wao wawaunganishe na wahifadhi wa bahari, kwa sababu mlango wa bahari wa Pemba, upande wenu huo wa magharibi, umo ndani ya eneo la hifadhi liitwalo PECCA tangu 2005. Sehemu ya kisiwa cha Misali isiyovuliwa msiingie na kulabu bila barua, hata nia ikiwa njema. Kule kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kazi hii hufanywa na walinzi wa mwamba wenyewe, na wengi wao walikuwa wavuvi.

Wakati: tanga mbili ya Oktoba na Novemba, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, bahari imetulia na kaskazi haijashika, maana huzaa maji yakishapata moto. Kuzama chagueni maji mafu, mkondo ni mdogo. Maji ya bamvua, yanayotoka sana, ni ya kutembea mwambani tu.

Raundi moja haitoshi. Watoto wake huelea wiki kadhaa kabla ya kushuka, kwa hiyo wengine watakuja kutoka miamba mingine. Rudini mwezi unaofuata kwenye kamba zile zile, andikeni idadi, upana wa kila mmoja kwa sentimita na kina. Na yule konokono mkubwa wa gamba la kupuliza kama baragumu, pamoja na samaki kikande, msiwachukue: hao wanamla.

Mshipi_Wesha

Nondo tunazo. Kesho naonana na katibu wa kamati, hesabu ya kamba nne nitaiweka hapa bahari ikituruhusu.