"Asili yako hasa ni wapi?" Udadisi au ubaguzi?

Mleta mada (Leicester, Uingereza)

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni Mhindi wa Mwanza, kizazi cha nne, na huku Leicester natimiza mwaka wa kumi na tano. Ni mfamasia katika duka la dawa la mji mdogo nje kidogo ya hapa, wateja karibu wote Wazungu, wengi wao wazee. Naleta jambo ambalo hata mume wangu ananiambia nalikuza.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja alikuja kuchukua dawa zake za presha. Nikatoka na mfuko, nikamweleza kwamba daktari ameongeza dozi, sasa ni vidonge viwili asubuhi. Akanitazama, akachungulia nyuma ya bega langu: "Hakuna mwingine?" Nikamwambia mfamasia leo ni mimi peke yangu. Basi akamgeukia kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa anapanga shampuu, mtoto wa shule anayekuja wikendi kutafuta hela ya soda, akamuuliza kama ni kweli vidonge viwili. Kijana akaiva uso mpaka masikio. "Muulize yeye, mimi napanga sabuni tu." Mzee akachukua mfuko. Alipofika mlangoni akageuka kunisifu, tena kwa upole kabisa, kwamba Kiingereza changu ni kizuri. Natoka wapi? Mwanza, Tanzania. "Hapana, asili yako hasa."

Hakunitukana. Mkitaka ushahidi, sina, na hapo ndipo ninapochoka. Kila kitu kina maelezo yake. Chenji naiwekewa kaunta wakati mkono nimeunyoosha, labda ana haraka. Chumba cha kupanga kwenye simu kipo, nikifika kimeshapata mtu, labda kweli kimepata. Jirani anafunga dirisha kila nikikaanga vitunguu, labda ni baridi. Siku inaisha nikiwa nimebeba "labda" kumi, na hakuna hata moja ninayoweza kwenda nayo popote.

Wanaosema ni hisia tu, niwape hili. Watafiti wa Nuffield College, Oxford, walituma maombi ya kazi kama 3,200 ya watu wa kubuni, sifa zilezile, tofauti ikiwa asili ya mwombaji. Matokeo yalitoka mwaka 2019: Waingereza weupe walijibiwa vizuri kwa asilimia 24, wenye asili nyingine asilimia 15. Mwombaji halisi katika hao waliokosa angebaki na "labda" yake kama mimi.

Waliotutangulia hawakuhitaji kubahatisha. Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku. Wakaja. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma katika kiwanda cha Imperial Typewriters hapahapa mjini wakilalamikia malipo ya bonasi, na viongozi wa chama cha wafanyakazi pale wakakataa kuwaunga mkono. Leo zaidi ya asilimia 40 ya watu wa mji huu wana asili ya Asia. Ukienda mtaa wa Belgrave hapa mjini unauziwa "mogo", ambao ni muhogo wetu wa kukaanga, na utasikia bibi wa Kigujarati akimtuma mjukuu alete fagio. Ndiyo maana watu huniambia nimefika nyumbani, nilie nini? Mimi nasema ubaguzi uliokuwa ukisemwa kwa tangazo la gazeti sasa unasemwa kwa tabasamu. Nawasilisha.

Mchangiaji (Dodoma)

Pole dada, ila tuwe wakweli. Nimefanya kazi kwa Mhindi Kariakoo miaka sita. Chakula nilikula stoo, nimesimama, sahani yangu ya bati ilikuwa na msumari wake ukutani. Mlituita golo, tusi lenu kwa mtu mweusi, mkidhani hatusikii. Leo mzee mmoja kachungulia nyuma ya bega lako, tayari ni mada.

Mchangiaji (Iringa)

Mbona hata sisi tunaulizana? Panda basi la Mbeya pale stendi ya Magufuli, hujafika Chalinze jirani keshakuuliza kabila. Nikisema Mhehe, ananiuliza mbwa nimemwacha na nani. Tunacheka, tunagawana mahindi ya kuchoma. Mzungu kakuuliza hivyohivyo. Utabaguliwa na kila anayekusemesha?

Mchangiaji (Birmingham)

Dada, miye niko mutu wa Bukavu, unisamehe Kiswahili yangu. Wewe wanakuuliza unatoka wapi. Miye hawaniulize, mlinzi ananifuata tu kati ya rafu mpaka natoka. Na mara mingi duka ni ya Muhindi. Nyinyi mulishapata mpaka waziri mkuu, Sunak, mama yake alizaliwa Tanganyika, baba yake Kenya. Miye nitalia kwa nani?

Mleta mada

Nianze na wa Iringa maana umenisaidia bila kukusudia. Ukisema Mhehe, jirani yako anakubali kwamba u Mhehe, na utani unaanzia hapo. Mimi nikisema Mwanza, ndiyo kwanza maswali yanaanza. Nikitaja Gujarat, mahali ambapo sijawahi kulala hata usiku mmoja, mtu anashusha pumzi, karidhika. Swali lililokuja na jibu lake mfukoni silihesabu kuwa udadisi.

Wa Birmingham, Sunak aliingia madarakani Oktoba 2022. Juni 2024, katikati ya kampeni, mpiga kampeni wa chama kingine alirekodiwa akimtaja kwa lile tusi la mitaani wanaloitiwa Wapakistani. Hivyo uwaziri mkuu haumkingi mtu. Lakini la mlinzi sina la kukujibu. Nimeliona kwa macho yangu kwenye maduka ya watu ninaosali nao, na nimenyamaza.

Wa Dodoma, nimeandika jibu lako mara tatu nikafuta. La kwanza lilikuwa la kujitetea: kwamba likizo iliyopita, pale Makoroboi, Mwanza, nilimsalimia muuza dagaa kwa Kisukuma, akacheka sana, halafu akaniuliza kwa lile jina la kejeli la Wahindi, "ponjoro, kwenu hasa wapi?" Nilitaka tuhesabiane, moja kwa moja. Haitoshi. Muuza dagaa hakuwa na uwezo wa kunifukuza kazi.

Mchangiaji (Dodoma)

Sawa, umejibu kiungwana. Nina swali dogo tu. Nyumbani kwenu Mwanza mlikuwa na mpishi?

Mleta mada

Tulikuwa naye. Juma. Alitulea mimi na kaka zangu, ndiye aliyenifundisha hicho Kisukuma.

Mchangiaji (Dodoma)

Juma nani?

Mleta mada

Samahani nimechelewa kurudi. Sikujua, kwa hiyo jana usiku nilimpigia simu mama. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye hajui. Tena akaniambia huyo hakuwa Juma. Mpishi aliyemtangulia ndiye aliyeitwa Juma, na baba hakutaka kuzoea jina jipya.