Naomba ushauri: nguvu ya kafi na mwendo wa kayaki

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kupiga kafi. Natumia kayaki ya plastiki yenye urefu wa mita 4 katika hori ya Kilifi, na maji yakiwa shwari huenda takriban kilomita 6 kwa saa bila kuchoka. Nikitaka kufikia kilomita 7.5 pumzi hukatika, jambo lisilonishangaza, kwa kuwa nguvu inayohitajika huongezeka karibu kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo ongezeko hilo la robo tu hudai nguvu maradufu. Zaidi ya hapo omo (sehemu ya mbele) huinuka, tezi (sehemu ya nyuma) huzama, na wimbi lililozushwa na chombo chenyewe hugeuka kilima; kwa urefu huo kikomo ni kama kilomita 9 kwa saa, na sidhani mabavu yatakivuka. Kayaki za mashindano za mtu mmoja hufika mita 5.2, lakini ni nyembamba mno, nami nahofia kupinduka. Je, ninunue chombo cha mita 5 chenye upana wa wastani, au kwa mwendo wangu wa kawaida urefu utaniongezea msuguano bure? Na je, kafi lenye bapa dogo, likipigwa harakaharaka, litanipunguzia maumivu ya mabega?