Tupeane uzoefu: jirani uliyeshindwa kumpenda, ulianzia wapi?

Mpangaji_Temeke
Wapendwa, "mpende jirani yako kama nafsi yako" niliikariri kwenye mafundisho ya kipaimara. Kuishi kwa amri hiyo nimejifunzia uani, nyumba ya kupanga, vyumba sita, luku moja.

Mama wa chumba cha pili tulinuniana miezi minne kwa hela ya umeme. Yeye ana friji, mimi taa na feni, tunachanga sawa. Rozari nasali kila jioni, lakini nikimsikia yuko nje nasubiri aingie ndani ndipo nikaoge.

Usiku mmoja mwanawe akashikwa na degedege. Kilio nilikisikia ukutani na nakiri, kwanza nilibaki kitandani. Kisha nikaamka, nikampigia dereva bajaji ninayemjua, tukaenda wote kituo cha afya. Nilitoka ndani bado nimenuna. Upendo ulinikuta pale kwenye benchi, saa tisa usiku, miguu ya mtoto ikiwa mapajani mwangu. Alipona. Habari ya umeme aliianzisha mwenyewe wiki mbili baadaye.

Leteni na ya kwenu.

Binti_Tanga
Assalaam alaykum. Bibi yangu alishika sana wasia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr: ukipika mchuzi, zidisha maji, uwaangalie jirani zako. Ramadhani sahani za futari zilitoka kwetu mpaka kwa jirani aliyewakataza wanawe kucheza na sisi. Sahani ikirudi tupu, bila hata ahsante, na mnajua kwetu sahani hairudishwi tupu. Mimi nilimwambia bibi aache. Hakunijibu, kesho yake akanituma tena.

Ramadhani ya tatu sahani ikarudi na machungwa matatu ya Muheza. Bibi aliyaweka mezani, akatukataza kuyagusa siku ile. Alitaka kuyatazama tu.

Mzee_wa_Kibosho
Jirani alisogeza mpaka wa kihamba changu, yaani shamba la nyumbani. Nami nikamtukana mbele ya wanawe. Kwetu Wachaga isale ndilo hupandwa mpakani, na jani lake ndilo hupelekwa kuomba msamaha, ukiletewa hukatai. Ilinichukua mwaka kukubali kwamba, japo nimedhulumiwa, yale matusi ni deni langu. Nikachuma jani, nikaenda. Alilipokea kwa mikono miwili. Suala la mpaka bado liko kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini ng'ombe wake alipozaa nililetewa maziwa.

Mama_Ploti_Nairobi
Mimi bado. Jirani yangu alinichafulia jina kwa landilodi, na bado hunitumia mtoto kuomba sukari. Nampa, lakini moyo umefunga kabisa. Hiyo nayo inahesabika?

Mpangaji_Temeke
Inahesabika, dada. Endelea kumpa. Na siku sukari ikikuishia wewe, usiende dukani kwanza. Nawe mtume mwanao kwake.